Macho Hayana Pazia

Chumba cha juu cha nyumba ya shangazi yangu, Mji Mkongwe, Zanzibar, kina upana wa mita 2.8. Upana huo uliamuliwa na mkoko. Dari limebebwa na boriti, na boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hiyo waashi wa zamani walijenga vyumba virefu na vyembamba wakaridhika. Kuta ni za mawe na chokaa. Katika ukuta wa mwisho mna vidaka viwili vikubwa ambavyo tangu utoto wangu vilikaa vikombe vya kahawa na sahani za bibi.

Mwaka huu shangazi alivitoa vikombe. Alitaka vidaka vile viingie spika alizoachiwa na marehemu mumewe, aliyezinunua Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kurudi nazo nyumbani. Ni jozi ya LS3/5A. Kwa asiyezijua, ni boksi dogo la mbao, urefu wake sentimita 30 na upana sentimita 19, lililobuniwa na idara ya utafiti ya BBC kule Kingswood Warren, Surrey, katika miaka ya 1970. Herufi LS ni kifupi cha loudspeaker, yaani spika, na namba 3 ilimaanisha kazi za matangazo ya nje ya studio. Ndani ya gari la matangazo hakuna nafasi ya spika kubwa, na fundi mitambo alihitaji kusikia sauti ya mtangazaji ilivyo, si ilivyopambwa. Makampuni kadhaa yalipewa leseni ya kuitengeneza, na kisanduku kile cha kazi kikawa spika ya sebuleni inayotafutwa duniani kote. Leo jozi nzuri ya zamani inaweza kugharimu zaidi ya pikipiki mpya.

Shangazi aliita watu wawili. Mmoja ni kijana, fundi wa amplifaya na spika. Wa pili ni seremala mzee, mtengenezaji wa milango na makasha, mtu wa nakshi. Walikaa chini, juu ya magodoro na mito, kahawa ikaletwa, na mabishano yakaanza baada ya alasiri yakaishia usiku. Nimeyaandika kwa sababu nimesoma mengi juu ya spika za daraja la juu, na karibu kila mwandishi huchagua upande mmoja: ama anaandika kama mpima sauti, ama kama mpambaji wa nyumba. Chumbani mwa shangazi pande zote mbili zilikaa kwenye mkeka mmoja.

SHANGAZI: Haja zangu ni tatu tu. Kwanza, nguo hii nyeusi iliyo usoni mwake itolewe. Nitazivisha kitambaa cha mapazia yangu, rangi ya pembe, zifanane na chumba. Pili, mbao zake zimechujuka. Zipigwe vanishi zing'ae. Tatu, ziingie vidakani, zisinizibie njia. Marehemu aliziweka mezani pake katikati ya nyaya, nami nikanyamaza kwa sababu palikuwa pake. Hapa ni pangu.

FUNDI: Nimekuelewa, Bi Mkubwa. Naomba nikuoneshe kitu kabla hujaamua. Ngoja nibandue hiki kitambaa. Unaona hii ndogo ya juu? Ndiyo twita, inatoa sauti nyembamba. Hii ya inchi 5 ni wufa. Sasa tazama kilichoizunguka twita: vipande vizito vya manyoya yaliyoshindiliwa, pande zote nne. Mtu anaweza kudhani ni pambo, au kwamba kiwandani walisahau kumalizia. Vina kazi. Sauti ya twita huambaa juu ya uso wa boksi hadi ukingoni. Ukingoni inakuta ubao umekwisha ghafla, na ukingo wenyewe unakuwa kama spika ya pili inayosema maneno yale yale kwa kuchelewa kidogo. Manyoya haya yanaimeza ile sauti inayoambaa kabla haijafika huko.

SHANGAZI: Na kitambaa?

FUNDI: Kitambaa nacho kimo hesabuni. Kinaitwa Tygan. BBC waliipima spika hii ikiwa imevaa kitambaa chake, wakaipangia sauti ikiwa imevaa hivyo. Ukiivua, sauti nyembamba inazidi kidogo. Ukiivisha nguo nzito, inapungua. Pazia lako ni hariri nene, tena imefumwa kwa kubana. Hebu lete, ulipulize. Pumzi haipiti. Pumzi isipopita, na sauti nyembamba itapita kwa taabu.

SEREMALA: Kijana anasema kweli kuhusu kitambaa, hilo silibishi. Mimi nina neno kuhusu boksi. Nimeligonga. Ni plaiwudi, na haifiki hata nusu inchi. Kwa pesa hizo mnazozitaja, hii ni mbao ya kutengenezea droo! Bi Mkubwa, niruhusu nikutengenezee maboksi mapya ya mninga, unene wa sentimita 3, nikuchongee na nakshi usoni. Mti mzito una sauti nzito. Wazungu wenyewe wanachukua mpingo wetu wa kusini kutengeneza klarineti. Kwa nini wasiuchukue mti mwepesi?

FUNDI: Mzee wangu, klarineti ni ala ya muziki, ina ruhusa ya kuwa na sauti yake. Boksi la spika halina ruhusa hiyo. Likilia nalo, linaongeza jambo ambalo mwimbaji hakuliimba.

SEREMALA: Ndiyo maana nasema mti mzito. Mzito haulii.

FUNDI: Hata mzito hulia, ila unalia juu zaidi. Ukuta mnene na mgumu, mtetemo wake unapanda hadi pale sikio la mtu lilipo kali, penye sauti ya binadamu. H. D. Harwood na wenzake wa BBC waligeuza fikra. Walichukua plaiwudi ya milimita 12, wakaibandika mikeka ya lami kwa ndani. Ukuta mwembamba hutetemeka chini, na lami huuchosha mtetemo ule ukafa mapema. Droo haina lami, mzee. Hiyo ndiyo tofauti ya boksi hili na droo. Na tena, vile vipande vya mti vya ndani, vya pembeni, vinavyoshikilia mbao, masharti yalitaka viwe vya mti mgumu wa beech. Vilipowekwa vya msonobari laini, sauti ilibadilika na BBC hawakukubali.

Hapo seremala alinyamaza, akaichukua spika moja, akaipakata kama mtoto. Aligonga upande mmoja kwa kifundo cha kidole, akagonga meza ya kahawa, akarudi kwenye spika. Nilimwona akisikiliza kwa namna ambayo fundi, pamoja na elimu yake yote, hakuwa ameisikiliza. Fundi alijua namba ya ule ubao. Seremala alikuwa anaujua ubao.

SEREMALA: Kweli. Meza inajibu. Hili halijibu, linasema "dup" basi. Lakini usinifunge mdomo kijana. Hakuna mafundi wengine wakubwa waliotumia njia yangu ya ukuta mgumu?

FUNDI: Wapo. Bowers & Wilkins, mwaka 1987, walitoa spika yao 801 ikiwa na mbao zilizopishana ndani kama kreti la mayai, kuufunga ukuta usisogee kabisa. Studio kubwa zikaitumia. Njia zote mbili zimetoa spika nzuri. Kinachoharibu ni kuchanganya: kuchukua wufa, twita na hesabu zilizopangiwa boksi hili, ukazihamishia boksi la aina nyingine, ukatarajia sauti ile ile.

SEREMALA: Hilo nalielewa. Ni kama kuchukua mlango wa nyumba hii ukautia fremu ya nyumba nyingine.

Suala la vanishi lilimalizwa kwa dakika chache, na sitalirefusha. Mbao ya nje ni vinia ya msaji, nyembamba kama ukucha. Seremala alikataa kabisa kuipitishia msasa wa mashine, akasema ataisafisha kwa mkono na kuilisha mafuta mpaka rangi irudi. Fundi hakuwa na la kupinga: mafuta au vanishi juu ya vinia hayabadilishi chochote ambacho sikio litakijua. Shangazi alikubali kung'ara kidogo badala ya kung'ara sana. Katika biashara ya spika za bei kubwa, rangi na vanishi ndiyo sehemu ambako mtengenezaji anaweza kujiachia. Wilson Audio wa Utah, kwa mfano, hupaka spika zao rangi za aina ya magari, na mnunuzi huchagua anayoitaka. Rangi haiumizi sauti. Anayetaka kupendezesha spika na aanzie hapo.

Umbo ni habari nyingine.

SHANGAZI: Umesema ukingo wa boksi unaleta kelele. Basi kwa nini yote ni maboksi? Si wangetengeneza la mviringo?

FUNDI: Swali hilo Harry Olson wa kampuni ya RCA, Marekani, alilipima na kuchapisha majibu mwaka 1951. Alichukua maumbo 12, akaweka spika ile ile ndani ya kila moja. Tufe likatoa sauti laini kupita yote. Mchemraba ulikuwa miongoni mwa mabaya kabisa.

SEREMALA: Na bado tunatengeneza maboksi kwa sababu msumeno hukata mstari ulionyooka. Tufe la mbao nitalitengeneza, lakini utalilipia miezi.

FUNDI: Wapo waliolipia. Mwaka 1993 yalitokea mawili. Uingereza, Laurence Dickie wa Bowers & Wilkins alitoa Nautilus. Ukiiona utasema konokono wa baharini. Kila spika ndogo ndani yake ina bomba nyuma linalokwenda likisinyaa, sauti ya nyuma inaingia humo inapotea, hairudi. Bomba la besi ni refu mno, likakunjwa, ndipo likawa konokono. Ni mahitaji ya sauti yaliyoleta sura ile. Na Italia, mwaka huo huo, Franco Serblin wa Sonus faber, karibu na Vicenza, akatoa Guarneri Homage, ameipa jina la ukoo wa watengeneza fidla. Mgongo wake umejipinda kama udi, na usoni hakuna kitambaa, kuna nyuzi za mpira zimesimamishwa wima kama nyuzi za kinubi. Pande zilizojipinda hazitazamani sambamba, kwa hiyo sauti ya ndani haipati pa kudunda mbele na nyuma kwenye mstari mmoja.

SHANGAZI: Umeona! Huyo Mtaliana ndiye mtu wangu. Kaanza na jicho.

FUNDI: Kaanza na yote mawili, Bi Mkubwa.

SHANGAZI: Sikiliza mwanangu. Wewe unazungumza kana kwamba spika inaishi peke yake. Inaishi na mimi. Naamka nayo, naswali chumba hiki hiki, wageni wanakaa hapa. Kwa saa moja kwa siku inatoa sauti, na saa zote zilizobaki inatazamwa. Spika inayoniudhi macho nitaipeleka stoo. Ikifika stoo, hesabu zako zote zimekwenda nayo. Kizuri chajiuza, hiki kibaya mnanitembezea ninyi.

Hoja hii ina nguvu kuliko wapenzi wa sauti wanavyopenda kukiri. Historia ya spika za nyumbani imeongozwa na sebule mara nyingi. Mwaka 1954 Edgar Villchur alipotoa spika yake AR-1 kule Cambridge, Massachusetts, alionesha kwamba hewa iliyofungwa ndani ya boksi dogo inaweza kufanya kazi ya springi na kutoa besi ya kina, kazi ambayo kabla yake ilihitaji boksi la ukubwa wa friji. Miaka michache baadaye zikaja sahani za stirio, na kila nyumba ikahitaji spika mbili. Haikuwezekana kuweka friji mbili sebuleni. Boksi la Villchur lilienea kwa sababu lilitoa sauti safi, na kwa sababu lilikaa kwenye rafu bila mtu kununa. Na Bang & Olufsen wa Struer, Denmark, walipofikisha miaka 90, mwaka 2015, walitoa BeoLab 90 yenye spika ndogo 18 ndani ya mwili mmoja wa kilo 137, ikiwa na programu ya kuirekebisha sauti kufuata chumba na mahali msikilizaji alipokaa. Spika zake zimevishwa kitambaa, na hakuna aliyesema wameisaliti sauti.

Lakini nilikuwa na jambo la kumwambia shangazi, na hapa niliingilia mjadala kwa mara ya kwanza. Nilimweleza jaribio la Floyd Toole na Sean Olive la mwaka 1994. Toole alikuwa mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, Ottawa, tangu 1965, kisha akahamia kampuni ya Harman huko California. Yeye na mtafiti mwenzake Olive waliwakalisha wafanyakazi 40 wa Harman mbele ya spika nne, wakawaomba wazipe alama. Mara ya kwanza spika zilikuwa nyuma ya pazia. Mara nyingine zilikuwa wazi. Miongoni mwake ilikuwamo ya kampuni yao iliyokuwa ndogo, ya plastiki, ya bei nafuu, na ilikuwamo kubwa ya kampuni shindani, ya bei, iliyosifiwa magazetini. Nyuma ya pazia ile ndogo ilipata alama za juu kidogo kuliko ile kubwa. Pazia lilipoondolewa, ndogo ikaanguka chini yake, ingawa waliokuwa wakitoa alama walikuwa watu wa kampuni iliyokuwa ikiiuza. Na lipo lililonishangaza zaidi. Nyuma ya pazia, watu wale walisikia vizuri spika ilipohamishwa kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine. Walipoiona, wakaacha kuisikia tofauti hiyo. Jicho lilikuwa limekwisha kutoa hukumu na sikio likaambiwa likae kimya.

SHANGAZI: Basi si umenisaidia mimi? Kama jicho lina uwezo wa kubadilisha ninachokisikia, spika yenye sura nzuri itaniimbia vizuri kila siku. Mimi siishi nyuma ya pazia. Wahenga walisema, macho hayana pazia.

Nilikosa jibu. Aliyelipata ni seremala.

SEREMALA: Dada yangu, nimechonga milango miaka 40. Mtu akiutundika mlango mpya, wiki ya kwanza anausimamia kuutazama. Baada ya mwezi anapita tu. Jicho huzoea. Lakini mlango ukiwa unakwama, haupiti mwezi akazoea. Kila siku utamkera, na mwisho atauacha wazi usiku. Sura utaizoea. Kama sauti ina kasoro, utakuwa unaizima mapema na hujui kwa nini.

Huo ndio msimamo wangu, na sijausoma popote ukiwa umesemwa vizuri kuliko alivyousema yeye. Sura ya spika inastahili kufikiriwa kwa bidii yote, ila hukumu ya sauti itolewe macho yakiwa yamefungwa, na itolewe kwanza.

Kilichobaki ni vidaka, na hapo ndipo fundi alipokuwa mkali.

FUNDI: Kidakani haziendi. Nieleze kwa nini. Sauti nyembamba hutoka mbele kama mwanga wa tochi. Sauti nene huzunguka boksi na kwenda nyuma pia. Kwa boksi la upana wa sentimita 19, mpaka wa kati ya tabia hizo mbili uko karibu na Hz 600. Kwa hiyo chini ya hapo, sauti inayomfikia msikilizaji mbele inapungua, kwa sababu nyingine imezunguka nyuma. Waliobuni walijua, wakarekebisha ndani, kwenye kroso, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ili vilingane. Ukiitia kidakani, umeizuia sauti nene isizunguke. Inarudi yote mbele. Tayari ilikwisha kufidiwa, sasa inafidiwa mara ya pili. Utasikia mtu anasemea mtungini.

SHANGAZI: Na chumba chenyewe? Marehemu alikuwa akisema chumba hiki kibaya kwa muziki, chembamba.

FUNDI: Chembamba, ndiyo, lakini kwa spika hii ni rafiki. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya upana wa chumba, yaani 5.6, unapata Hz 61. Hiyo ndiyo noti ambayo kuta hizi mbili zinaipenda, zinaidundisha. Nyumba nyingi za huku nimekuta watu wameweka sabufa kubwa, na kila wimbo una ngurumo moja ile ile, wanadhani ni besi. Ni urefu wa boriti unaonguruma. Wufa hii ndogo inaanza kuchoka kabla haijafika huko, karibu na Hz 80. Haiiamshi ile ngurumo sana. Tuziweke kwenye ukuta huu mfupi, nusu mita mbele, zimetengana mita moja na nusu hivi, twita iwe usawa wa sikio lako.

SEREMALA: Sikio lake liko wapi? Anakaa chini. Vile viguu vya chuma vinavyouzwa vimetengenezewa watu wa makochi.

Alitoa futi mfukoni. Shangazi akajiegemeza kwenye mito kama anavyoegemea kila jioni, naye akapima: sentimita 77 kutoka sakafuni hadi sikioni. Akapima boksi kutoka chini hadi kwenye twita, 22. Akatoa.

SEREMALA: Vigoda vya sentimita 55. Hapo sasa, dada yangu, mninga wako utaupata, na nakshi utaipata. Usoni mwa spika nakshi ni kosa, nimekubali. Miguuni hakuna anayenikataza?

FUNDI: Miguuni chonga unavyotaka mzee. Viwe vizito tu, visiyumbe.

Fundi naye alikuwa na jambo lake lililohitaji kuzuiwa. Alikuja na mfuko wa kapasita mpya za bei, akitaka kuzibadilisha zote zilizomo kwenye kroso. Seremala alimuuliza: wewe uliyetukataza kitambaa na boksi, unabadilishaje moyo wa spika? Fundi alikiri. Ndani ya kroso ya matoleo yale ya awali mna transfoma ndogo yenye matawi kadhaa, na kiwandani walichagua tawi linaloifanya twita ile hasa iende sawa na wufa ile hasa. Ni marekebisho ya spika moja moja. Anayebadilisha vipande kwa kufuata sifa na bei anafuta kazi hiyo. Alipima kapasita zilizomo, akakuta ziko ndani ya viwango vyake, akafunga mfuko.

Usiku ule tulifanya jaribio. Fundi alikuwa na kinasa sauti na maikrofoni nzuri, akamrekodi seremala akisoma gazeti. Kisha shangazi akajifunga mtandio machoni kwa mikono yake mwenyewe. Seremala alisoma kwa kinywa, kisha rekodi ikapigwa kupitia spika zikiwa vidakani, kisha zikiwa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa mbele ya ukuta. BBC nao walikuwa na desturi ya kuipima spika kwa sauti ya mtu anayezungumza, kwa sababu hakuna ala tunayoijua kuliko hiyo.

Vidakani shangazi alisema: "Huyu ana mafua." Juu ya ndoo alinyamaza kidogo akasema: "Huyu ni Seremala." Tuliporudia bila kumwambia, alisema vile vile. Tulipotundika kitambaa cha pazia mbele yake, alisema mtu amejifunika shuka.

Kulikuwa na kitambaa cha pili, chepesi, rangi ile ile ya pembe, alichokuwa amekinunua kwa ajili ya dirisha la jikoni. Pumzi ilikipita bila kizuizi. Fundi alisisitiza kwamba hata hicho kitasikika, kwamba Tygan ni Tygan. Tukamfunga macho yeye. Mara 10 nilibadilisha, au nilijifanya nabadilisha, naye akataja ni kipi. Alipatia 6. Kwa kubahatisha tu angepatia 5. Aliomba tena, akapatia 5. Akavua kitambaa machoni, akasema kitambaa cha Bi Mkubwa kipite, na Tygan ihifadhiwe kabatini isitupwe.

Vigoda vilikamilika baada ya wiki tatu. Ni vya mninga, vina nakshi ya waridi na mnyororo pande tatu. Spika zimesimama juu yake, nusu mita kutoka ukutani, zimevaa kitambaa cha jikoni. Vidaka vimerudishiwa vikombe vyake.